Picha ya kilele haijakamilika pasipo maneno

Wahenga walinena kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii husikika sana mikutanoni na katika mambo ya mirathi, lakini sidhani kama kuna mahali inapofaa zaidi ya mbele ya picha ya mlima. Tazama picha yoyote ya Mlima Kenya, iwe katika kalenda, katika kitabu cha Jiografia au katika ukuta wa hoteli. Utaona jabali jeusi lililochongoka, utaona weupe wa barafu, utaona mbingu ya samawati. Hutamwona aliyeishika kamera. Hutamwona aliyembebea chakula na hema huyo aliyeishika kamera. Hutaambiwa ni mwaka gani wala ni mwezi gani, na wala hutaambiwa mpiga picha alikuwa amesimama upande upi. Chini yake pameandikwa maneno mawili tu: Mlima Kenya.

Walimu na wanafunzi wetu wamezoea kuichukua picha ya namna hiyo kuwa ni ukweli usiohitaji shahidi. Husemwa kuwa macho hayadanganyi. Dai langu katika makala haya ni kwamba picha ya kilele, hasa kilele kigumu kufikika, ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni maneno: jina, tarehe, mahali na watu. Pasipo nusu hiyo ya pili picha huwa pambo, na mara nyingine huwa njia ya kuficha mambo ambayo ingefaa tuyajue.

Tuanze na wakati ambapo hapakuwa na kamera, yalikuwapo maneno matupu. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, akisafiri kutoka Rabai kwenda Uchagani katika msafara ulioongozwa na Bwana Kheri, aliona kitu cheupe juu ya mlima. Alipouliza weupe ule ni kitu gani, mwenyeji wake alimjibu kwa neno moja la Kiswahili: baridi. Jibu hilo lina hekima kubwa. Mtu wa pwani hakuwa na haja ya neno maalumu la kitu asichokiona kwao, kwa hiyo alikitaja kwa kile alichokihisi alipokikaribia. Baadaye lugha yetu ilitulia na maneno mawili, theluji lenye asili ya Kiarabu na barafu lenye asili ya Kiajemi, yote mawili yakiwa yameletwa na upepo wa biashara ya bahari na wala si upepo wa mlimani.

Mwaka uliofuata, tarehe 3 Desemba 1849, mwenzake Rebmann, Ludwig Krapf, aliyekuwa mgeni wa Mzee Kivoi huko Kitui, aliuona mlima mwingine wenye vilele viwili vyeupe. Huyu Krapf ndiye yule ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, naye alikuwa na sikio la kusikiliza maneno. Akina Kivoi waliutaja mlima huo kwa jina la Kikamba, Kiinyaa, na kutokana na tamko hilo ndipo tulipopata jina la nchi yetu nzima.

Habari za wawili hao zilipofika Ulaya, walikuwapo wataalamu waliozikataa. Mashuhuri miongoni mwao ni William Desborough Cooley wa London, aliyeshikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Hakuwa amewahi kufika pande hizi. Alikuwa na vitabu vyake na kiti chake, na kwake yeye ushahidi wa mwenyeji aliyesema "baridi" haukuwa ushahidi. Ilibidi wapite wasafiri wengine kwa miaka zaidi ya kumi ndipo ubishi kuhusu Kilimanjaro ukome. Hapa ndipo tunapoelewa kwa nini kamera ilipokuja ilipokewa kama kadhi. Watu walidhani kwamba sasa mabishano yamekwisha: ambaye haamini na atazame mwenyewe.

Kamera ilifika katika kilele cha Mlima Kenya pamoja na msafara wa Halford Mackinder, mwalimu wa Jiografia wa Chuo Kikuu cha Oxford, mwaka 1899. Reli ilikuwa imefika Nairobi mwaka huo huo. Msafara uliondoka ukiwa na Wazungu 6, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na viongozi wawili wa Kimaasai. Tarehe 13 Septemba Mackinder pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, wenyeji wa milima ya Alpi, walikifikia kilele cha Batian chenye urefu wa mita 5,199. Mwenzake Mackinder, Campbell Hausburg, alishughulikia upigaji picha. Picha hizo zimetunzwa, na hadi leo wanasayansi huzirejea.

Kutoka watu 170 tunawajua watu watatu waliofika juu na mmoja au wawili waliopiga picha. Je, wale wengine? Msomaji mpendwa, hapa pana jambo la kuhuzunisha. Simulizi kamili ya safari hiyo aliyoiandika Mackinder haikuchapishwa katika uhai wake. Ilichapishwa mwaka 1991, na katika orodha ya wapagazi iliyoambatana nayo, kando ya majina manane mna maelezo kwamba watu hao walipigwa risasi kwa amri. Wanahistoria wamejadiliana kuhusu nani hasa aliyetoa amri hiyo na katika mazingira gani. Lisilobishaniwa ni kwamba majina hayo yaliandikwa, yakakaa kimya kwa zaidi ya miaka 90, ilhali picha za kilele zilikuwa zikionyeshwa na kusifiwa.

Sisi wa isimu tumezoea kuwaonyesha wanafunzi jinsi kitenzi "piga" kilivyo na kazi nyingi katika Kiswahili. Mtu hupiga simu, hupiga pasi, hupiga kura, hupiga magoti, hupiga mbio. Aghalabu kitenzi hicho kimepoteza maana yake ya asili na kubaki kama chombo cha kubebea nomino inayokifuata. Kupiga picha hakumuumizi yeyote. Lakini katika msafara mmoja wa mwaka 1899 lugha yetu inatulazimu kutumia kitenzi kile kile mara mbili: mlima ulipigwa picha, na watu wanane wakapigwa risasi. Kitabu cha shule kilichobeba habari ya kwanza na kuiacha ya pili hakijasema uongo. Kimenyamaza tu, na kunyamaza nako ni namna ya kusema.

Haya siyasemi ili kuudharau ustadi wa wapiga picha wa milima. La hasha! Kazi yao ni ngumu, na manufaa yake ni makubwa. Mwaka 1906 Mwitalia Vittorio Sella alifuatana na Mwanamfalme wa Abruzzi, Luigi Amedeo, hadi Milima ya Rwenzori iliyoko mpakani mwa Uganda na Kongo. Wakati huo picha ilinaswa juu ya kioo. Kila kioo kilikuwa kizito na chepesi kuvunjika, na kilibebwa migongoni mwa watu katika matope na mvua isiyokatika. Rwenzori ni mlima wa mawingu. Mpiga picha huweza kungoja siku kadhaa pasipo kukiona kilele. Hata hivyo Sella alirudi na picha safi mno za vilele na barafu, ambazo leo ndizo shahidi wetu mkuu wa jinsi milima hiyo ilivyokuwa. Miaka 24 baadaye, Januari 1930, rubani Mswisi Walter Mittelholzer aliruka juu ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, akalipiga picha tundu la volkano kutoka angani.

Mwanafunzi anayeishi katika enzi ya simu yenye kamera anaweza kudhani kwamba ugumu huo umekwisha. Haujakwisha. Ugumu wa kwanza ni hewa. Katika mita 5,000 kanieneo ya hewa hukaribia nusu ya ile ya pwani, na mtu aliyepanda kwa pupa huumwa kichwa, hutapika, na huweza kufa mapafu au ubongo ukijaa maji. Sisi wakazi wa Eldoret tunaoishi kwenye mita 2,100 hivi tuna nafuu kidogo, lakini nafuu hiyo isitughuri.

Ugumu wa pili ni mawingu. Jua likishapata nguvu, hewa yenye unyevu hupanda kutoka msituni, na aghalabu kabla ya adhuhuri kilele huwa kimekwisha kufunikwa. Ndiyo maana wapanda mlima huamka usiku wa manane ili wafike Lenana, kilele cha mita 4,985 kinachofikika kwa miguu, kabla ya macheo. Kutoka hapo Nelion na Batian viko upande wa magharibi, kwa hiyo jua hutokea nyuma ya mpiga picha na kuviangaza vilele hivyo usoni kwa dakika chache. Atakayechelewa atapiga picha ya ukungu.

Ugumu wa tatu ni majira. Mlima Kenya umelala karibu kabisa na ikweta. Kuanzia mwezi wa Aprili hadi Septemba jua la mchana huelekea kaskazini, na kuanzia Oktoba hadi Machi huelekea kusini. Kwa hiyo mlima huu mmoja huwa na kiangazi na kipupwe kwa wakati mmoja: uso wa kaskazini ukiwa mkavu mwezi wa Agosti, ule wa kusini huwa na theluji na barafu, ifikapo Januari mambo hugeuka. Picha mbili zilizopigwa siku moja kutoka pande mbili zinaweza kuonekana kama milima miwili.

Ugumu wa nne umo ndani ya kamera yenyewe. Kipimo cha mwanga cha kamera kimeundwa kwa kudhania kwamba ulimwengu, kwa wastani, una rangi ya kijivu. Kikielekezwa kwenye theluji, hudhani mwanga umezidi, kikaupunguza, na theluji nyeupe hutoka katika picha ikiwa ya kijivu kama majivu. Mpiga picha mzoefu huongeza mwanga kwa hatua moja au mbili ili weupe ubaki weupe. Aidha baridi hudhoofisha betri, kwa hiyo betri ya akiba hutunzwa ndani ya nguo karibu na mwili. Naye anayeingia na kamera baridi katika kibanda chenye joto huiona lenzi ikifunikwa na umande. Dawa yake ni kuifunga kamera katika mfuko wa plastiki mpaka ipate joto taratibu.

Tena kuna hatari isiyokuwa na dawa. Batian hakipandwi kwa miguu mitupu bali kwa kamba na vyuma, na mwamba wenyewe huwa haushikamani kila mahali. Mnamo Septemba 1970 daktari Mwaustria, Gert Judmaier, alianguka karibu na kilele baada ya jiwe kung'oka, akavunjika mguu vibaya. Mwenzake Oswald Oelz alimtunza juu ya jabali. Kazi ya kumwokoa ilichukua zaidi ya wiki moja, na rubani wa helikopta aliyekuja kusaidia alianguka na kufa. Judmaier alinusurika. Nawaomba vijana wanaotamani picha za kujionyesha kwa marafiki waikumbuke habari hiyo.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe: picha hizo zilizopatikana kwa taabu zinatufaa nini? Zinatufaa kuliko pengine zilivyowafaa wale waliozipiga, kwa sababu zimegeuka kuwa kumbukumbu ya kitu kinachotoweka. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilienea kwa takriban kilomita za mraba 12. Mwaka 2007 haikufika kilomita za mraba 2. Mto wa barafu wa Lewis katika Mlima Kenya, ambao Mackinder aliupa jina la mtaalamu Mmarekani, ulipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010. Rwenzori nako barafu aliyoipiga picha Sella imebaki sehemu ndogo tu. Novemba 2022 shirika la UNESCO lilitangaza kwamba barafu za Kilimanjaro na Mlima Kenya zitakuwa zimekwisha kufikia mwaka 2050.

Mwaka 2014 mpiga picha Mwingereza Simon Norfolk aliyaeleza haya kwa namna isiyosahaulika. Alikwenda kwenye barafu ya Lewis akiwa na ramani za zamani, na usiku akapita na mwenge wa moto katika mistari ambapo ukingo wa barafu ulifika miaka ya nyuma. Kamera iliachwa wazi kwa muda mrefu, na mwendo wa moto ukajichora katika picha kuwa mstari mmoja mrefu. Mtazamaji huona mstari wa moto huku, na barafu iliyosinyaa kule mbali. Lakini zingatia, msomaji: mstari ule hauna maana mpaka uambiwe ni mpaka wa mwaka gani. Moto ni wa picha. Mwaka ni wa maneno.

Hapo ndipo penye somo la kwanza kwa mwalimu. Picha mbili za mlima mmoja haziwezi kulinganishwa hivi hivi. Moja ikiwa imepigwa asubuhi baada ya theluji ya usiku na nyingine katika ukavu wa Februari, mtu anaweza kuthibitisha lolote atakalo. Lazima picha zipigwe kutoka mahali pamoja, katika majira yale yale, na tarehe ziandikwe. Hata hivyo, picha huonyesha kwamba barafu imepungua, haisemi kwa nini. Wanasayansi wameeleza kwamba huko Kilimanjaro upungufu ulianza tangu mwishoni mwa karne ya 19, na kwamba ukavu wa hewa na uhaba wa theluji vina sehemu kubwa pamoja na ongezeko la joto duniani. Mwanafunzi anayejua kutenganisha "nini" na "kwa nini" amejifunza jambo kubwa kuliko anayekariri takwimu.

Somo la pili ni la majina, na hapa naomba ruhusa ya kuingia shambani mwangu. Maelezo ya wengi kuhusu Kiinyaa ya Wakamba na Kirinyaga ya Wakikuyu huyahusisha majina hayo na mbuni. Dume la mbuni lina manyoya meusi yenye weupe, nao mlima una jabali jeusi lenye mabaka ya theluji. Wamaasai waliuita Ol Doinyo Keri, yaani mlima wa mistari au madoa. Kibo, kwa Kichaga, hufasiriwa kuwa chenye madoa. Huko Rwenzori, Wakonzo wana jina Rwenzururu, mahali pa theluji. Waama, majina haya yote ni picha! Kabla Hausburg hajafungua kamera yake, watu waliokaa chini ya milima hii walikuwa wamekwisha kuipiga picha kwa ndimi zao, na picha yenyewe ilionyesha rangi mbili, nyeusi na nyeupe, zikiwa pamoja. Picha hiyo haikuhitaji kioo wala betri, na ilirithishwa kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu.

Weupe ukitoweka, majina hayo yatakuwa yanataja kitu kisichoonekana. Mtoto wa mwaka 2060 atauliza mlima huu na mbuni wapi na wapi, na mwalimu wake atakuwa na majibu mawili: picha ya zamani na maana ya jina. Moja bila ya jingine halitatosha. Ndiyo maana nasema kwamba kulitunza jina na maana yake ni sehemu ya kuutunza mlima.

Yako pia majina yaliyobandikwa. Mackinder aliviita vilele vya Mlima Kenya kwa majina ya Wamaasai: Batian kutokana na Mbatian, laiboni mkuu; Nelion kutokana na Nelieng nduguye; Lenana kutokana na mwanawe. Hapana shaka aliwaheshimu, lakini matamshi yalipinda kalamuni, na katika barua na ramani kosa hilo limebaki hata leo. Barafu na mabonde yalipewa zaidi majina ya Wazungu. Rwenzori ilibeba majina ya malkia, Margherita wa Italia na Alexandra wa Uingereza. Kilimanjaro kilipewa jina la Kaizari wa Ujerumani, mpaka Tanganyika ilipojitawala mwaka 1961, Luteni Alexander Nyirenda akapandisha mwenge na bendera huko juu, na kilele cha mita 5,895 kikaitwa Uhuru. Hapa kwetu, usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya huko Lenana. Bendera ilibadilika, jina la kilele halikubadilika. Sisemi kwamba ni lazima libadilishwe. Jina la Lenana ni la mwenyeji pia. Nasema mwanafunzi wa Kenya anapaswa kujua Lenana alikuwa nani kabla ya kujipiga picha akiwa kileleni pake.

Labda mtu atauliza: picha pekee haiwezi kumwongoza mtu? Inaweza, kwa sehemu. Mapema mwaka 1943 wafungwa watatu wa vita wa Kiitalia, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambi ya Nanyuki kwa nia ya kuupanda mlima waliokuwa wakiuona kila siku kupitia seng'enge. Hawakuwa na ramani. Mwongozo mmojawapo waliokuwa nao ni mchoro wa mlima uliokuwa katika karatasi ya mkebe wa nyama. Batian kiliwashinda, Lenana wawili wao walikifikia, wakasimika bendera yao, kisha wakarudi kambini kujisalimisha. Mchoro wa mkebe uliwaonyesha upande mmoja wa mlima, na uliwanyima yale ambayo mwenyeji mmoja angewaeleza kwa dakika kumi.

Nina pendekezo kwa shule zetu, nalo halihitaji mtu kupanda Batian. Sisi wa Uasin Gishu na Trans Nzoia tuna mlima wetu, Elgon, ambao ndugu zetu Wagisu wa Uganda huuita Masaba. Kilele chake kirefu zaidi, Wagagai, kina mita 4,321 nacho kiko Uganda. Upande wa Kenya kuna Koitobos, mita 4,222. Hewa ikiwa safi, shule nyingi za Kitale na kandokando yake huuona mlima huo kutoka uwanjani. Zile za upande wa mashariki zina Milima ya Cherangani. Kila shule na ichague mahali pamoja uwanjani, iweke nguzo, na kila mwezi, siku ile ile na saa ile ile, mwanafunzi mmoja apige picha ya mlima kutoka juu ya nguzo hiyo. Simu ya mwalimu inatosha.

Kisha yaandikwe maneno. Tarehe na saa. Hali ya mawingu. Jina la aliyepiga. Msitu umefika wapi na shamba limefika wapi. Jina la mlima katika lugha ya mama ya kila mtoto darasani, pamoja na maana yake kama alivyoelezwa na babu au bibi. Yaandikwe kwa Kiswahili sanifu, ili mwanafunzi wa Mbale na wa Moshi naye aweze kuyasoma. Kazi hiyo itamlazimu mtoto kutafuta msamiati: bonde, genge, ukingo, mteremko, utosi wa mlima. Akifika kwenye barafu inayotambaa kama mto ataona kwamba wengine husema mto wa barafu na wengine barafuto, naye atajifunza kwamba lugha huamua istilahi zake kwa kuzitumia. Mwalimu wa Jiografia na mwalimu wa Kiswahili watakuwa wamefundisha somo moja.

Baada ya miaka kumi shule itakuwa na picha 120 zenye maelezo. Hazitakuwa na ustadi wa Sella. Lakini kila mtu aliyezipiga atajulikana, kila mahali patajulikana, na kila tarehe itajulikana. Hakuna atakayeziangalia na kuuliza wapagazi walikuwa akina nani, kwa kuwa majina yao yatakuwa pale pale chini ya picha, kwa wino.